Maji Yaliyobaki Mkononi

Benchi la mwisho kanisani kwetu halikuwa na egemeo. Yale mengine kumi na moja yalikuwa nalo. Fundi alipofika kwenye la kumi na mbili mbao zikamwishia, akaliacha hivyo. Hakuna aliyewahi kutangaza kwamba benchi lile ni letu sisi tuliotengwa, lakini sikuwahi kumwona mtu mwingine akilikalia, hata Jumapili ya Pasaka watu walipojaa hadi milangoni. Nililikalia karibu miaka miwili. Mgongo wangu unalikumbuka vizuri kuliko kichwa changu.

Kutengwa kwenyewe kulichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mimba ya miezi minne, ya dereva wa tipa aliyekuwa akija kupakia kokoto machimboni kwetu: mtu mcheshi, mwenye meno mazuri, na mwenye mke Morogoro, jambo nililokuja kulijua kwa kuchelewa. Wazee wa kanisa watano walikaa nyuma ya meza yenye kitambaa cha kufuma. Mwinjilisti, ambaye ndiye aliyetuongoza siku zote kwa kuwa mchungaji alikuja mara moja tu kwa mwezi, aliniuliza kama nakiri. Nikasema nakiri. Akawaambia wazee wanaoafiki waonyeshe mikono. Mikono minne ikapanda pamoja. Wa tano ulipanda mwishoni, polepole, kama mtu anayenyanyua ndoo iliyojaa. Ulikuwa wa baba yangu.

Maana yake ilikuwa hii: nisishiriki Meza ya Bwana, nisiimbe kwaya, na mtoto nitakayemzaa asibatizwe mpaka mimi nirudi kundini. Kurudi kundini nako kulikuwa na utaratibu wake. Kwanza mafundisho ya toba kwa mwinjilisti, miezi kadhaa. Kisha kusimama mbele ya watu wote, Jumapili ambayo mchungaji yupo, ukiri kwa kinywa chako, uombewe, halafu washirika wapite mmoja mmoja kukupa mkono. Kabla ya hapo ulikuwa mtu wa kuingia na kutoka.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya tisini, enzi za ruksa. Ruksa kuuza mitumba, ruksa kufungua duka barazani kwako, ruksa kujenga popote penye mwanya kuanzia Mwenge hadi Boko. Nchi nzima ilikuwa imeruhusiwa. Mimi nilikuwa nimekatazwa kipande cha mkate.

Tulipanga vyumba viwili chini ya kilima cha Wazo, katika nyumba ya bibi mmoja wa Kizaramo aliyezaliwa palepale kabla pahali pale hapajaanza kuitwa Dar es Salaam. Sisi ni watu wa kusini. Mama alifia huko. Baba akanileta mjini nikiwa mdogo, akawa karani wa ghala katika shirika moja la umma, na shirika lilipofungwa alirudi nyumbani na redio yake, na barua ya kumshukuru. Mtu aliyevaa shati la pasi kwa miaka ishirini akaketi chini, juu ya gunia, na kuanza kuponda mawe. Nikaketi kando yake. Watu wote walikuwa wakijenga, na kila aliyejenga alihitaji kokoto.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unakata pete ya mpira kutoka kwenye tairi kuukuu, unaiweka juu ya jiwe kubwa, unaweka jiwe dogo ndani ya pete lisiruke, unapiga. Unavifunga vidole kwa mpira wa baiskeli. Juu yako kuna makuti kwenye vijiti vinne, na mbele yako fungu linalokua taratibu mno. Vumbi lake ni jeupe. Linaingia kwenye nyusi, kwenye chai, kwenye ndoto. Jioni baba na mimi tulirudi nyumbani tukiwa wa umri mmoja.

Siku ile nilipotoka mbele ya wazee nilimkuta Bibi mwenye nyumba uani, akipepeta mchele.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wamekufukuza?"

"Hawajanifukuza. Wamenitenga."

"Tofauti yake nini?"

"Naruhusiwa kuingia. Ila kula siruhusiwi."

"Alaa!" Akaacha ungo. "Harusi ya wapi hiyo, mtu anaalikwa akawaangalie wenzie wanavyokula pilau?"

Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Yeye hakucheka.

Nilianza kusoma Biblia kwa sababu ya aibu, sitaki kujisingizia sababu nyingine. Siku ya Meza ya Bwana wenzangu walipanga mstari kwenda mbele, benchi baada ya benchi, na mimi nilibaki nyuma na mikono yangu. Ilichukua kama nusu saa. Huwezi kuangalia dari nusu saa. Nikainamisha macho kwenye kitabu, nikakifungua popote kilipofunguka, nikasoma ili watu wanaorudi kutoka mbele wasikutane na uso wangu. Nilikuwa nimekivika jalada la karatasi ya mfuko wa saruji, kama tulivyofanya madaftari shuleni.

Kisha nikaanza kwenda nacho machimboni. Adhuhuri, wengine walipolala chini ya makuti, nilisoma na kalamu ya risasi mkononi. Nilitia alama pembeni mwa kila mtu aliyewekwa nje. Wenye ukoma nje ya kambi. Yule mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, aliyepita kwa kujificha katikati ya watu. Yule mjakazi aliyefukuzwa na mwanawe, akatembea jangwani na kiriba cha maji mpaka maji yakaisha, akamlaza mtoto chini ya kichaka, akaenda kukaa mbali ili asimwone akifa. Huyo nilimtilia alama mbili. Nilishangaa walivyokuwa wengi. Kitabu tulichofundishwa kana kwamba kiliandikwa na watu wa benchi la mbele kilikuwa kimejaa watu wa benchi langu. Na kila nilipofuata habari zao, nilimkuta Mungu amekwenda kuwatafuta hukohuko nje. Jambo hilo lilinitia joto ambalo sikuthubutu kumwambia mtu.

Mtoto alizaliwa msimu wa masika, wa kike. Tulikuwa tumemwekea jina la ubatizo akiba, kama nguo ya sikukuu. Baba alikuwa amelichagua mwenyewe, na alikataza lisitumike kabla ya siku yake. Kwa hiyo tukamwita tu mtoto. Bibi alimwita mgeni. "Mgeni kaamka!" angeita kutoka uani. "Mgeni kaharibu nguo, njooni mumsikilize matusi yake!"

Baba, yule wa mkono wa tano, ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyanyuka kila alipolia. Machimboni alilowesha gunia akalitundika upande wa jua, ili hewa iliyomfikia mtoto iwe baridi, na alihama na mawe yake akaketi upande wa upepo, vumbi limwishie yeye. Hatukuwa tumezungumza juu ya mkono ule. Hatukuwa watu wa kuzungumza. Lakini nilimwona siku moja akimpigia mtoto mawe kwa mdundo, taratibu, ndu, ndu, ndu, mpaka akalala, nami nikajua kwamba amekwisha kunisamehe na kwamba sasa anasubiri kanisa lifuate.

Mtoto alipofika miezi mitano, mwinjilisti alisema nimekamilisha mafundisho. Jumapili ya tatu ya mwezi ule mchungaji angekuja. Mimi ningerudi kundini asubuhi, na mtoto angebatizwa ibada ileile. Baba aliliagizia jina karatasi, akaliandika kwa mwandiko wake wa ghalani, herufi kubwa zilizosimama wima, ili mchungaji asikosee kulisoma. Karatasi ile akaiweka mfukoni mwa koti lake la kanisani.

Jumatano mtoto alipata homa. Alhamisi tulikwenda naye zahanati, akapigwa sindano, tukapewa dawa ya maji. Ijumaa alinyonya vizuri akamvuta Bibi kipini cha pua, Bibi akampigia kelele za furaha. Jumamosi, baada ya adhuhuri, akakakamaa mikononi mwangu.

"Dege hilo," Bibi alisema. Alimshika miguu. Alitaja majani fulani, kisha akakumbuka mimi ni mtu wa kanisa, akayaacha, akaniuliza: "Babako yuko wapi?"

Baba alikuwa kanisani na wazee wenzake, wakifagia na kupanga mabenchi kwa ajili ya kesho. Bibi alijitanda kanga akaenda kumwita mwenyewe, mwanamke wa miaka sabini, kwa mguu, juani. Niliambiwa baadaye kwamba alisimama mlangoni pa kanisa akaita kwa sauti hadi fagio zikasimama.

Nilibaki peke yangu na mtoto, na kikombe cha bati chenye maji. Nilikuwa nikichovya kidole na kumlowesha midomo. Mkakamao ulikuwa umepita; sasa alikuwa amelegea, na pumzi yake ilikuja kama mtu anayepanda ngazi na kupumzika kila baada ya hatua. Nilijua. Mama anajua.

Na nilijua kitu kingine. Katika mafundisho ya kipaimara, nikiwa na miaka kumi na mitano, nilikuwa nimekariri mbele ya mwinjilisti huyohuyo kwamba mtoto akiwa katika hatari ya kufa na mchungaji hayupo, Mkristo yeyote aweza kumbatiza, kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Nilikariri bila kukosea neno, nikapigiwa makofi. Maji yalikuwa mkononi. Jina lilikuwa kwenye karatasi ndani ya koti, koti lilikuwa kwenye msumari, hatua mbili kutoka nilipoketi.

Nilikinga mkono nikamimina maji ndani ya kiganja. Nikaunyanyua juu ya kichwa chake.

Hapo nikajiuliza kama mimi ni Mkristo yeyote.

Miezi kumi ya benchi la nyuma ilinijibu. Niliogopa kwamba maji yakipita kwenye mkono wangu yatakuwa machafu. Niliogopa kwamba Jina kinywani mwangu litakuwa wizi. Niliogopa, na hili ndilo linaloniamsha mpaka leo, kwamba kesho mbele ya watu itasemekana nimeruka foleni, na kurudi kwangu kutaahirishwa. Yote niliyokuwa nimesoma na kuyatilia alama hayakunisaidia dakika ile. Nilishusha mkono. Maji yakapita katikati ya vidole, yakaanguka kwenye sakafu ya udongo, yakanywewa.

Baba aliingia akihema, na vumbi la fagio kwenye suruali. Bibi nyuma yake.

"Baba, mbatize."

Alimtazama mtoto. Akanitazama mimi.

"Kesho mchungaji anakuja."

"Baba, kesho ni mbali."

"Tumefika hapa kwa utaratibu, mwanangu. Tusiuvunje siku moja kabla. Mungu anaona jinsi tulivyongoja."

"Baba, wewe ni mzee wa kanisa. Mie nimeogopa. Wewe mbatize."

Alikitoa kikombe mkononi mwangu, polepole, bila ukali, akakiweka juu ya sanduku. Alipiga magoti. Alianza kuomba, na baba yangu alikuwa mwombaji mzuri, sala zake zilikuwa na mlango na madirisha. Aliomba mtoto avushwe usiku mmoja tu, aifikie asubuhi. Alikuwa bado anaomba Bibi aliposema, akiwa ameishika miguu midogo ile:

"Nyamaza, baba. Mgeni keshaondoka."

Mtoto asiyebatizwa hakuingizwa kanisani, na kengele haikugongwa kwa ajili yake. Mwinjilisti alikuja kutueleza hayo akiwa amevua kofia, na nadhani yalimuuma. Hatukuwa na kitambaa kipya. Bibi aliingia chumbani kwake, akafungua sanduku lake, akatoa bafta nyeupe iliyokunjwa. Ilikuwa sanda yake mwenyewe. Alikuwa ameinunua zamani na kuiweka, kama wafanyavyo wazee wa Pwani wasiotaka kuwasumbua watu siku yao. Akakata upande mmoja kwa mkasi.

"Bibi, usifanye hivyo."

"Mie mfupi," akasema. "Itanitosha."

Tulizika Jumapili. Wachimbaji kaburi walikuwa majirani waliotoka msikitini. Wa kanisani walikuwa ibadani, na wachache waliokuja walikuja baadaye. Mchungaji naye alifika ibada ilipokwisha, bila kanzu yake, mtu wa makamo mwenye viatu vya vumbi. Alitupa pole. Aliuliza mtoto aliugua lini. Baba akamwambia. Mchungaji akafikiri kidogo, akasema kwa upole, kama mtu anayekuonyesha njia ya mkato wakati safari imekwisha:

"Mzee, wewe si ulikuwepo? Ungembatiza tu. Hata huyu mama yake angeweza."

Hakuwa na nia mbaya. Hakuona alichokifanya. Nilimwona baba akiingiza mkono mfukoni mwa koti, akiitafuta ile karatasi, akiishika, akiibakiza humohumo.

Jumapili iliyofuata hakwenda benchi la mbele. Alikuja akaketi kando yangu, kwenye benchi lisilo na egemeo. Watu waligeuza shingo. Mwinjilisti alishuka kutoka mbele akainama sikioni kwake.

"Mzee, njoo mahali pako."

"Nipo mahali pangu."

"Mzee, hakuna aliyekutenga."

"Ndiyo maana nimejitenga mwenyewe," baba alisema, na wale wa karibu walisikia.

Tuliketi hivyo mwaka mzima. Nilipoitwa kwa ajili ya kurudi kundini nilisema bado. Meza ilipoandaliwa tulibaki wawili nyuma. Sikusoma tena. Kitabu nilikiweka chini ya godoro. Nilichokipata machimboni, lile joto, lilikuwa limeniacha wakati nilipolihitaji, na sikuwa na hamu ya kulitafuta. Kikombe cha bati nilikitundika kwenye msumari. Tukanywa kwa bakuli.

Kilichonirudisha kwenye kitabu ni jicho. Baba alikuwa ameacha kutumia pete ya mpira. Aliponda mawe wazi, kwa nguvu, kama mwenye kisasi, na kipande kiliruka kikamwingia jicho la kulia. Lilibaki na utando kama maziwa, na la kushoto lilikuwa limechoka zamani. Wiki chache baadaye, wakati wa kupumzika, alisema bila kunigeukia:

"Leta kitabu chako kesho. Tafuta alipo."

"Nani, baba?"

"Unamjua."

Basi nikasoma, sasa si kwa ajili yangu. Tulitafuta mtoto wa miezi mitano katika kitabu kizima. Kila adhuhuri baba aliketi na mikono juu ya magoti, mweupe mwili mzima, na mimi nikasoma kwa sauti. Nilimsomea juu ya mfalme aliyelala chini siku saba mwanawe alipokuwa mgonjwa, na mtoto alipokufa akainuka, akaoga, akala, akasema kwamba yeye atamwendea mtoto.

"Yule alikuwa mfalme," baba alisema. "Na mwanawe alikuwa wa agano. Endelea."

Nilimsomea juu ya mjane na mwanawe langoni mwa mji.

"Yule alifufuliwa. Wetu hakufufuliwa. Endelea."

Hakuwa anabisha kwa ubishi. Alikuwa karani, alitaka mzigo uonekane upo wapi. Miezi ikapita. Kisha siku moja, nikiwa natangulia kusoma peke yangu nyumbani, nikafika mahali ninapopajua tangu utoto, mahali penye picha ukutani katika kila darasa la Jumapili: watu wanamletea Bwana watoto wadogo awaguse. Nilitaka kupita haraka. Lakini kwa mara ya kwanza niliona kitu ambacho picha haikukionyesha. Kulikuwa na watu waliowazuia. Walikuwa watu wake mwenyewe, watu wa utaratibu. Na yeye alikasirika.

Nilifunga kitabu. Siku tatu sikumsomea baba. Nilijua kwamba nimepata alichoniagiza, na kwamba kimefungwa pamoja na kitu kitakachomuua. Mtoto yupo, ndiyo: aliwachukua mikononi, akawabariki, na hakuna palipoandikwa kwamba aliomba maji kwanza. Lakini kumpata mtoto ilikuwa lazima tupite kwanza kwa wale waliosimama njiani, na wale walikuwa sisi.

"Siku ya tatu humsomei mzee," Bibi aliniambia uani. "Kitabu kimekuuma?"

"Kimeniuma, Bibi."

"Basi na yeye mwache aumwe. Ana haki yake."

Nilimsomea siku ya nne. Sikuruka neno. Nilipofika kwenye hasira ya Bwana niliweka kidole chini ya mstari, nikaendelea hadi mwisho. Baba hakusogea. Mahali pengine machimboni nyundo zilikuwa zikipiga, watu wakitaniana, redio ikiimba.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

"Waliowazuia. Ni wale kumi na wawili?"

"Ndio hao."

"Aliwakasirikia."

"Aliwakasirikia, baba."

"Halafu akawafukuza?"

Nikatazama ukurasa. Nikafungua unaofuata, na unaofuata, japo nilijua.

"Hakuwafukuza. Wako naye njiani. Wanapanda naye Yerusalemu."

"Na ile jioni ya mwisho. Nani walikula naye?"

"Haohao."

"Haohao," alisema baba.

Alilia kwa jicho moja. Lile jingine halikuwa na machozi tena. Alilia bila sauti na bila kujifuta, na machozi yakachimba mfereji kwenye vumbi jeupe la shavu lake. Nami nilikuwa nimeshika kitabu wazi, na lile joto lilirudi, safari hii likiwa na uchungu wote ndani yake, kama maziwa yanavyorudi kwenye matiti ya aliyefiwa. Nilielewa kwamba nilikuwa nimepokewa siku nyingi, na kwamba kupokewa hakukuwa kumeniondolea ile Jumamosi. Vyote viwili vilikuwa vyangu. Baada ya muda baba alichukua pete ya mpira, akaiweka juu ya jiwe, akaanza kazi.

Jumapili ya kurudi kundini tulisimama wawili mbele. Mchungaji alikuwa ameandikiwa jina moja tu, akasita. Mwinjilisti alimnong'oneza kwamba mzee hakutengwa, hana cha kurudia. Baba alimsikia.

"Nilimzuia mtoto," alisema, kwa sauti ya kufika benchi la mwisho. "Andika hivyo."

Hakuna kilichoandikwa, lakini mchungaji aliweka mkono mmoja juu ya kichwa changu na mwingine juu ya cha baba, na akaiacha hapo muda mrefu kuliko utaratibu ulivyotaka. Labda na yeye alikuwa amekumbuka ya makaburini. Tuliombewa. Washirika wakapita kutupa mkono, wengine kwa ncha za vidole, wengine wakinivuta kifuani, na mikono yangu iliyokuwa imeandaliwa kubeba mtoto siku kama hiyo ilikuwa mitupu, ikapokea mikono ya watu. Kisha Meza. Mkate ulikuwa mdogo, haukuwa na ladha. Niliusubiri karibu miaka miwili, na nilipoutia kinywani nilimfikiria yeye tu.

Bibi alikuwa barazani tuliporudi.

"Haya. Wamewarudisha?"

"Wameturudisha," baba alisema.

"Na mgeni wetu je?"

Nilisimama mlangoni. Baba alikaa kwenye kigoda, akavua koti lake la kanisani, akalikunja magotini. Karatasi ya jina ilikuwa bado mfukoni. Niliisikia ikilia alipolikunja.

"Yule hakutoka, mama," alisema. "Tuliotoka ni sie."

Bibi alitikisa kichwa taratibu, akarudi kwenye ungo wake. Baba akaomba maji. Bakuli lilikuwa na mchele. Nilikishusha kikombe cha bati kutoka kwenye msumari, nikakisuuza vumbi lake la mwaka mzima, nikakijaza mtungini. Alikipokea kwa mikono miwili. Alikitambua, nilimwona akikitambua. Akanywa nusu, akanirudishia, nami nikanywa yaliyobaki.